Kabichi Isiyo na Tundu

Mama Samadi aliharibu kwa dakika ishirini shamba alilolilea miaka saba, na aliliharibu kwa ajili ya picha. Hakuwa mvivu, wala uongo haukuwa tabia yake. Alichokuwa nacho ni kile ambacho kina mama wengi tunacho na hatukitaji: hakutaka mwanawe aaibike mbele za watu kwa sababu yake. Mzazi anayesoma haya ajiangalie hapo mapema, kabla hajafika alipofika mwenzake.

Jina la Samadi alipewa kwa ajili ya toroli lake. Kila asubuhi, jua halijakolea, alikuwa ameshapita kwa wafugaji watatu wa mtaa kuzoa mavi ya ng'ombe, anasukuma mlima, gurudumu linalia kama paka aliyekanyagwa, na majirani wanajua saa bila kuangalia saa. Shamba lenyewe lilikuwa robo eka nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Mfereji wa maji uliingia kwake kwa juu, ukapita kati ya matuta, ukatokea chini kwa Bi Mchicha, mama mtu mzima aliyelima mchicha na vitunguu na kuongea na vyote viwili.

Wote wawili walikuwa kwenye kikundi cha wanawake tisa wa kilimo hai. Kwao mbolea ni samadi na mboji, dawa ni majivu na maji ya pilipili yaliyokorogwa na sabuni ya kipande, na kiwavi huokotwa kwa mkono, mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Kila miezi mitatu walikaguana wenyewe, wawili wakiingia shamba la mwenzao na daftari. Duka kubwa la mboga lilichukua mazao yao na kuyapiga muhuri wa kijani, na muhuri ulikuwa mmoja kwa wote. Sheria yake ilikuwa fupi. Atakayetia dawa ya dukani akasema mwenyewe, shamba lake linatoka na udongo wake unasubiri miaka mitatu. Akificha, kisha ikajulikana, wanatoka wote tisa. Sheria hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa mwandiko wa Mama Samadi, tangu siku alizokuwa katibu, na aliipigia mstari mara mbili kwa rula.

Binti yake wa kwanza aliitwa Jicho tangu utotoni, kwa vile alivyokuwa akikaza macho kwenye kitu mpaka kitu kione haya. Akakua, akanunua kamera, akawa anapiga picha za harusi na zile ndogo za vitambulisho. Siku duka la mboga lilipomwita apige picha mashamba yote tisa, kazi yake ya kwanza ya maana, alikuja mbio kumwambia mama yake kabla hata hajavua viatu. Picha zingebandikwa kwenye pakiti za mboga, na moja kubwa ingetundikwa ukutani, pale watu wanapoingilia. Alikuwa ametia saini karatasi kwamba atapiga mashamba yalivyo, bila kupanga wala kupamba.

Mama Samadi alifurahi siku mbili. Siku ya tatu wifi yake, dada wa mumewe, alipita kuomba chumvi. Wifi hakuwa kwenye kikundi, na utani kwake ulikuwa kama kupumua. Alisimama kwenye matuta, akainua jani la kabichi kwa vidole viwili, akalitazama jua kupitia matundu yake.

"Wifi," alisema, "hizi ni kabichi au vyandarua?"

"Vyandarua," Mama Samadi akajibu. "Na wewe mbu usiniingilie."

Wakacheka wote wawili. Lakini wifi alipokuwa anaondoka na chumvi yake kwenye karatasi aliongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba anamwonea huruma yule mtoto. Watu watasimama mbele ya ukuta wa duka waseme mpiga picha huyu hana hata mama wa kumwekea jani moja zima.

Utani ulikwisha pale, mwenye utani akaenda kupika. Mama Samadi alibaki nao. Alijua vizuri kabisa kwamba jani lenye matundu ndilo ushahidi wa kazi yao. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanawake wapya kwamba kiwavi ni mkaguzi asiyehongeka. Aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Hata hivyo kila alipopita kwenye matuta aliona vyandarua, na nyuma ya vyandarua aliona ukuta mweupe wa duka, na mbele ya ukuta Jicho amesimama, watu wanamcheka kwa adabu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akaenda duka la pembejeo la mtaa wa mbali asikojulikana. Muuza dawa alimuuliza kama shamba ni kubwa, akamjibu kwamba ni dogo, la picha, na yule bwana akacheka akidhani ni mzaha. Alimpa kichupa kimeviringishwa kwenye gazeti, akamweleza kipimo, na akamwambia mboga zisiguswe wiki mbili.

Bomba la kupulizia hakuwa nalo. Hakuna mwanamke wa kikundi aliyekuwa nalo, na kuazima kungekuwa kujitangaza. Akachukua ile chupa ya kunyunyizia maji ambayo mumewe aliitumia kupiga pasi. Mumewe alikuwa dereva mstaafu, na mashati yake aliyanyoosha mwenyewe kwa sababu, alisema, hakuna mwanamke anayejua ukosi. Siku hiyo alikuwa ameenda kunyolewa. Mama Samadi alipita tuta hadi tuta akibonyeza kile kichwa chekundu cha chupa, fsi, fsi, kama anayenyunyizia shuka, na dakika ishirini zikatosha. Akang'oa majani ya nje yaliyotobolewa, akayafukia. Chupa akaitupa chooni.

Kesho yake harufu ilikuwa bado ipo. Haikuwa kali, lakini Bi Mchicha alikuwa na pua. Basi akachota maji ndoo kwa ndoo, akaziosha kabichi zote juu mpaka chini, mpaka shamba likanuka udongo tu. Maji yakakusanyika kwenye matuta, yakaingia mferejini, yakateremka. Akaenda kupumzika. Alisikia moyo umetulia, akashukuru.

Mumewe alitafuta chupa yake wiki nzima. Alimuuliza kila mtu, akamuuliza hata paka. Mwishowe akawa anachukua maji mdomoni na kuyapuliza kwenye shati.

Wiki tatu zikaisha. Jicho alikuja asubuhi na begi lake la kamera na kile kisimamio chenye miguu mitatu, akamwamkia mama yake shikamoo, akamwambia mashamba manane ameshamaliza, hili ameliacha la mwisho kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani. Mama Samadi alikuwa amefagia hadi njia za kati ya matuta. Kabichi zilikaa kama sahani mpya za kabatini. Hakuna tundu.

Jicho akapiga picha kutoka juu, kutoka pembeni, na mteremko wote kwa pamoja. Halafu akabadilisha lenzi, akaweka ile ya kuonea vitu vidogo, akapiga magoti. Mama yake alikaa kwenye kizingiti cha jiko akimenya vitunguu. Akamaliza vitunguu. Jicho bado alikuwa amepiga magoti, ila kidole chake hakikuwa kinabonyeza. Alikuwa anahama tu, kabichi hadi kabichi, anapekua chini ya jani, anainama mpaka shavu linakaribia udongo.

"Picha haitoki?" mama yake akauliza.

"Inatoka, mama. Inatoka vizuri sana."

Saa nzima ilipita hivyo. Kisha Jicho alikaa juu ya visigino vyake, akanyoosha mkono bila kufikiri, kama alivyofanya tangu akiwa mdogo, akakwanyua jani changa la kabichi alitafune.

"Usile!"

Sauti ilimtoka Mama Samadi kabla yeye mwenyewe hajaijua. Akaishusha haraka. "Ngoja kwanza nilioshe."

Jicho alimtazama. Alimkazia yale macho ya utotoni.

"Tangu lini kwetu tunaosha?"

Mama Samadi akasema siku hizi kuna vumbi. Jicho akaliweka jani chini taratibu, kama kitu cha mtu mwingine, akafunga begi lake. Alikunywa chai bila kukaa. Baba yake alimtania kwamba mpiga picha gani huyu anatumia asubuhi nzima kwa kabichi, angewapiga ng'ombe wangezaa wakimsubiri. Akatabasamu, akaondoka.

Alirudi baada ya siku mbili, mchana. Baba yake alikuwa anasikiliza redio barazani. Jicho aliingia ndani, akaondoa kitambaa cha meza, akapanga picha tisa, moja kila shamba, kisha akamvutia mama yake kiti. Mama Samadi alivaa miwani. Kwenye picha ya shamba la Mwenyekiti kulikuwa na kiwavi anapanda ukingo wa jani kama mtu anayechungulia kisimani. Kwenye nyingine kulikuwa na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, viwili, kimoja mgongoni mwa kingine. Kulikuwa na buibui, kulikuwa na nyuki aliyejaa unga wa maua mpaka miguuni, na majani ya kila shamba yalikuwa na matundu, na mwanga ulipita kwenye matundu ukaanguka kwenye udongo kwa vipande vidogo vidogo. Zilikuwa picha nzuri. Mama Samadi hakuwa amejua kwamba matundu yanaweza kupendeza vile.

Ya tisa ilikuwa yake. Ilikuwa kama maua ya plastiki kwenye meza ya ofisi.

Jicho akasema, bila kupandisha sauti, "Nimetafuta saa nzima, mama. Sikupata hata sisimizi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Siyo vizuri."

Redio nje ilikuwa inatangaza vifo. Mama Samadi alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, picha ikawa ile ile. Akaeleza. Alieleza yote kwa mpangilio, kuanzia vyandarua, hadi kichupa, hadi chupa ya pasi, na alipofika kwenye chupa ya pasi alijikuta anataka kucheka. Jicho hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa afadhali. Alimwambia tu kwamba picha zinatakiwa Ijumaa, na kwamba akiipeleka hii, basi na yeye amepulizia. Akiiacha, kikundi kitauliza kwa nini shamba la mama yake halimo.

"Nilikufanyia wewe," mama yake alisema.

"Najua. Ndiyo maana sijui niseme nini."

Akakusanya picha zake nane. Ya tisa akaiacha mezani.

Hapo ndipo kitu kilipomwingia Mama Samadi ambacho hakikumtoka tena kwa muda mrefu. Unapokalia mguu mpaka ukafa ganzi, mguu unauona, ni wako, unaugonga na hauitiki. Ilikuwa hivyo, ila haikuwa mguu. Alipika, wakala. Mumewe alisema chumvi imezidi, naye akakubali kwamba imezidi, ingawa ulimi wake haukuwa umesikia chumvi yoyote.

Alhamisi walikutana kwa Mwenyekiti, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji, chumba kimejaa vitambaa na wanawake wamekaa kati ya nguo za watu. Mama Samadi aliomba kusema kabla ya mambo mengine. Alisimama. Alisema jina la dawa, kipimo na tarehe. Hakujitetea na hakulia, na baadaye wapo waliosema alisema kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Wakati wote huo alikuwa anaangalia gauni la harusi lililotundikwa bila mikono, anawaza mikono iko wapi.

Mwenyekiti akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaugeuza ili wote waone mwandiko. Hakusoma. Alisema kwamba mwenzao amesema mwenyewe, basi muhuri wa wenzake umepona. Shamba lake linatoka, miaka mitatu. Wengine waliguna kwa huruma. Mmoja alisema angalau, mama wa watu, amekuwa muungwana. Ilikuwa inaelekea kuisha hapo.

Ndipo Bi Mchicha alipouliza, kwa upole, kama anayeuliza njia: hizo kabichi aliziosha?

Mama Samadi akasema ndiyo. Siku ya pili, kwa ajili ya harufu.

"Maji yalikwenda wapi?"

Wote walilijua lile shamba na walijua mteremko. Cherehani moja ilikuwa na gurudumu linalozunguka lenyewe polepole, likaendelea mpaka likasimama.

"Siku ile nilikuwa nimefungua mfereji wangu," Bi Mchicha alisema. "Nikawa namwagilia mchicha. Nimeuchuma, nimeula, nimempelekea na dada yangu mgonjwa." Akamgeukia Mama Samadi. "Ungeniambia tu, Samadi. Ungesema leo funga mfereji, usiniulize kwa nini. Ningefunga. Nisingeuliza."

Hakupata madhara ya kuonekana, wala yeye wala dada yake. Lakini daftari halina ukurasa wa madhara; linauliza tu kama dawa imegusa udongo. Mashamba mawili yakatolewa siku ile, moja la aliyekosea na moja la aliyekuwa chini yake. Bi Mchicha alitia kidole kwenye wino, akagandamiza daftarini, akajifuta kwenye kanga, akaomba aondoke mapema kwa kuwa magoti yanamuuma.

Basi, mzazi mwenzangu, siku unapotaka kumsitiri mwanao kwa siri, jiulize kwanza maji yatateremka wapi. Mama Samadi aliwaza kila jambo. Aliwaza harufu, chupa, duka la mbali. Mfereji alioupita kila siku kwa miaka saba hakuuwaza, kwa sababu macho yake yote yalikuwa ukutani mwa duka.

Picha saba zilikwenda; ya Bi Mchicha nayo ilibaki. Ukutani walitundika ile ya kiwavi wa Mwenyekiti, kubwa kama mlango. Jicho alilipwa, akaitiwa kazi nyingine. Siku moja alimpeleka mama yake akaione. Mama Samadi alisimama mbele ya ukuta ule ule aliouogopa, watu wanapita na vikapu, mtoto mmoja akaelekeza kidole kwa kiwavi akacheka kwa furaha. Mama Samadi alitafuta ndani yake kitu cha kusikia, wivu au fahari au majuto. Akaona tu kwamba fremu imekaa upande kidogo. Akamwambia mwanawe picha ni nzuri, na ilikuwa nzuri, na wakarudi nyumbani.

Kabichi zote aling'oa, zikachukuliwa kutupwa. Akaanza upya na toroli lake, samadi juu ya samadi, majivu, pilipili. Kila mwisho wa mwezi Jicho alikuja akasimamisha kile cha miguu mitatu pale pale, kwenye alama ya kigingi, akapiga picha ya tuta lile lile. Alisema ni ya kumbukumbu ya udongo. Baba yake alisema tuta hilo limeshapigwa picha nyingi kuliko harusi yake, na tena halijawahi kufumba macho. Mama Samadi aliweka picha hizo kwenye bahasha moja, ya tisa chini kabisa.

Kwenye mpaka, pale mfereji unapotoka kwa Mama Samadi, Bi Mchicha alikuwa ameweka jiwe na kulikandika kwa udongo. Maji yake sasa aliyabeba kwa ndoo kutoka bomba la barabarani. Mama Samadi alijitolea mara mbili kumbebea. Bi Mchicha akamshukuru mara mbili, akabeba mwenyewe. Salamu zao hazikukatika. Walisalimiana kila asubuhi, habari za kuamka, nzuri, za magoti, yapo, na baada ya hapo kila mtu aliinama kwenye shamba lake. Zamani wangesimama pale mpaka chai ipoe.

Mwezi wa nane tangu aanze upya, asubuhi, Mama Samadi alikuwa anapalilia alipoona kabichi changa ya tuta la tatu ina tundu. Dogo, la kupita punje ya mtama. Akainama, akageuza jani. Kiwavi alikuwa pale, kijani, hana habari na mtu, anatafuna kama anayelipwa.

Alikaa chini palepale kwenye samadi. Hiki ndicho alichokuwa anakisubiri kwa miezi minane, na sasa kimekuja akasubiri furaha nayo ije. Alisubiri kwa muda. Haikuja. Akatoa simu mfukoni akampigia mwanawe.

"Kuna tundu," alisema.

"Na mwenye tundu?"

"Yupo. Anakula."

"Usimguse, mama. Nakuja."

Akaweka simu juu ya goti. Chini ya mpaka Bi Mchicha alikuwa amejikunja kwenye vitunguu, kanga ya kichwani tu ndiyo inaonekana. Mama Samadi alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye jiwe, akaita. Akauliza kama na kwake wadudu wameanza kurudi.

Bi Mchicha hakuinuka. Alikata jani bovu la kitunguu, akaliweka kando.

"Wamerudi."

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tatu sasa."

Mama Samadi akasema haya. Alisimama kidogo zaidi, kama kuna la kuongeza, na lilikuwapo, lakini halikupata njia. Wifi alipita barabarani, akapunga mkono, akauliza kama vyandarua vimeanza tena.

Mama Samadi akarudi akakaa karibu na jani lake, akainamisha mwili ili kivuli chake kimfunike kiwavi asiungue na jua, akasubiri kamera.